Injini Inayogonga Ikiwashwa Baridi: Pima Kwanza Muda wa Kelele

Gari likiletwa kwangu kwa sababu injini yake inagonga asubuhi, naomba liachwe lilale gereji. Kelele ya baridi haichunguzwi kwenye injini iliyokwisha kupata moto barabarani, kwa kuwa vyuma vimeshatanuka, oili imeshapanda na kusambaa, na kile tunachokitafuta kimeshajificha. Injini ikae usiku kucha bila kuwashwa, na hata kulisogeza gari hatua chache asubuhi kabla ya uchunguzi kunaharibu kipimo cha siku hiyo.

Wenye magari wengi hutaka kujua mara moja sauti inatoka wapi. Mimi naanza kwa kupima inadumu kwa muda gani, kwa sababu kelele inayokoma baada ya sekunde mbili ina chanzo tofauti na ile inayokoma baada ya dakika tano, na zote mbili hazina uhusiano na ile inayozidi kadiri injini inavyopata moto. Kwa hiyo naweka simu irekodi sauti kuanzia kabla ya stata kuzunguka, boneti ikiwa wazi na bila mtu kukanyaga mafuta, hadi mshale wa joto ufike mahali pake pa kawaida.

Kabla ya kuwasha navuta kijiti cha oili. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, uchunguzi unasimama hapo hadi iongezwe. Ikiwa juu ya alama ya juu na inanuka petroli, basi gari linatumika kwa safari fupi mno au kuna injekta (kinyunyizio cha mafuta) inayovuja, na oili hiyo imekuwa nyepesi kupita kiasi. Namuuliza pia mwenye gari ni oili ya daraja gani iliyomo. Namba inayotangulia herufi W inaonyesha jinsi oili inavyotiririka kwenye baridi. Kadiri inavyokuwa kubwa, ndivyo oili inavyochelewa kufika juu ya injini. Kuna desturi ya kumwaga 20W-50 katika injini iliyoundwa kwa 0W-20 au 5W-30 kwa madai kwamba oili nzito hunyamazisha injini iliyochoka. Ninaipinga desturi hiyo kwa nguvu zote, kwa sababu huenda ikapunguza sauti injini ikiwa na moto, lakini inarefusha zile sekunde za kwanza ambazo vyuma vinasuguana bila oili ya kutosha.

Sekunde hizo ndizo zenye mambo mengi. Injini inapolala, oili hushuka kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na ikiwashwa pampu inapaswa kujaza chujio na njia zote kabla presha haijapanda. Ndani ya machujio mengi kuna vali ndogo ya mpira inayozuia oili isirudi chini. Mpira huo ukikakamaa, au chujio likiwa hafifu tangu kiwandani, chujio hulala tupu na injini hugonga kila asubuhi. Ndiyo maana kelele ya sekunde moja au mbili naijibu kwanza kwa oili sahihi na chujio zuri, kisha nasikiliza tena baada ya usiku mwingine.

Kelele ikibaki, na ikiwa ni ya kukwaruza upande wa mbele wa injini, namwangalia mshukiwa wa pili: cheni ya taimingi, inayounganisha krenkishafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) na kamshafti (shafti inayofungua vali za injini). Kikaza cheni katika injini nyingi kinasukumwa na presha ya oili, hivyo kikichakaa au cheni ikirefuka, cheni hupigapiga reli na kifuniko chake mpaka presha ifike. Kifaa kinachobadilisha majira ya kufunguka kwa vali hizo nacho hutoa mlio mfupi wa kukereza pini yake ya kufungia inaposhindwa kukishika wakati wa kuwasha. Hapa naunganisha mashine ya kusoma hitilafu na kulinganisha nafasi ya kamshafti na ya krenkishafti; msimbo P0016 unaonyesha kwamba hizo mbili hazipatani. Kelele hii haipaswi kuzoeleka, kwa sababu cheni ikiruka jino, katika injini nyingi pistoni hugonga vali.

Mlio mwepesi wa tapeti, kipande kinachosukuma vali, unaotoka juu na kuisha ndani ya dakika moja au mbili haunitishi sana. Kuutambua ni suala la mapigo: kamshafti huzunguka nusu ya kasi ya krenkishafti, kwa hiyo injini ikiwa kwenye mizunguko 900 kwa dakika, krenkishafti huzunguka mara 15 kwa sekunde, na kila vali hufunguka mara 7 na nusu. Sikio haliwezi kuhesabu hivyo, lakini taa ya taimingi, inayomulika kila cheche inapopita, ikifungwa kwenye waya wa plagi moja humulika kila baada ya mizunguko miwili katika mifumo mingi, nami nalinganisha mlio na mmuliko. Mlio mmoja kwa kila mmuliko unaelekeza kwenye vali, na miwili inaelekeza chini ya injini, upande wa krenkishafti. Sitoi hukumu kwa kipimo hicho peke yake, kwani konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenkishafti, nayo huweza kusikika zaidi katika pigo la moto pekee.

Kelele inayodumu dakika kadhaa kisha kufifia polepole huwa ama ni pistoni ama ni ekzosi, na ndipo mafundi wengi hupotea. Alumini ya pistoni hutanuka takribani mara mbili ya chuma cha silinda, hivyo pistoni baridi iliyochakaa hupwaya na kuyumba inapobadili mwelekeo, ikipiga ukuta wa silinda kwa sauti nzito kama ya kitu kitupu ndani. Kwa upande mwingine, gasketi ya manifoldi ya ekzosi (bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda) iliyoungua, au stadi (skrubu inayoishikilia) iliyokatika, huacha mwanya ambao hujiziba chuma kikitanuka. Fundi akichomoa plagi ya umeme ya injekta moja, sauti ya pistoni ya silinda hiyo hupungua. Lakini sauti ya ekzosi inayovuja hupungua pia, kwa kuwa moto uliokuwa unaisukuma haupo. Kipimo hicho hakiwatenganishi. Mimi huanza na ekzosi: natafuta masizi pembezoni mwa gasketi, kisha napitisha bomba la mpira, mwisho mmoja ukiwa sikioni, kandokando ya manifoldi. Mvujo husikika hewani, ilhali pistoni husikika kwa kuegemeza fimbo ya chuma ya kusikilizia ubavuni mwa bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda. Katika injini ya petroli, ni afadhali kuzima injekta kuliko koili inayotoa cheche, ili petroli isiyoungua isifike kwenye kichocheo cha ekzosi, kinachosafisha moshi, na kukiharibu.

Pistoni inayonyamaza ikipata moto inaweza kuvumiliwa muda mrefu, mradi injini isianze kula oili. Beringi ya konrodi haivumiliki. Hiyo hugonga kwa uzito, na kwa kawaida huzidi oili inapopata moto na kuwa nyepesi. Ukipandisha injini hadi mizunguko 2,500 na kuachia mafuta ghafla, hugonga zaidi pale inaposhuka. Wakati mwingine dalili yake ya mwanzo ni mapigo machache mazito ya chini mara tu injini inapowaka, na mtu aliyezoea kwamba kelele fupi ni ya tapeti huipuuza. Tofauti iko kwenye uzito wa mlio na mahali unapotoka.

Kwa shaka ya namna hiyo nachomoa swichi ya presha ya oili na kufunga geji ya presha mahali pake. Taa nyekundu ya dashibodi haitoshi, kwa sababu kwa kawaida huwaka presha ikiwa imeshaporomoka hadi nusu ya bar (kizio cha presha) hivi au chini yake. Kanuni ya zamani ya mafundi inataka takribani bar 0.7 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika injini ikiwa na moto, ingawa kipimo cha mtengenezaji ndicho kinachotawala.

Dizeli ina hesabu yake. Kugonga kwake asubuhi ni jambo la kawaida kwa kiasi, kwa kuwa katika silinda baridi dizeli huchelewa kuwaka, kisha huwaka kwa pamoja. Kelele ikiandamana na moshi mweupe na mtetemo, napima plagi za kupasha joto kwanza. Ikibaki kwenye silinda moja hata injini ikipata moto, nageukia injekta.

Mwisho nakata chujio la oili na kukunjua karatasi yake juu ya meza yenye mwanga. Sumaku huvuta vipande vya chuma. Chembe zinazong'aa kama fedha bila kushikwa na sumaku huenda zimetoka kwenye pistoni au beringi, na zenye rangi ya shaba zinaonyesha kwamba beringi imeliwa hadi tabaka la ndani. Nikiziona hizo, gari haliwashwi tena; linavutwa hadi mahali ambapo sampu itafunguliwa.