Steringi Hafi: Hadithi ya Kilimanjaro Ilipouzwa kwa Sinema

Mtoto wa Moshi aliyekulia kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea filamu mitaani, huijua kanuni hii mapema: steringi, yaani mhusika mkuu wa filamu, hafi. Nami ndiyo ninayoanza nayo nikifundisha fasihi na filamu hapa chuoni, maana mlima tunaouona dirishani una hadithi iliyopitiwa na kanuni hiyo.

Mwaka 1936 Ernest Hemingway alichapisha hadithi fupi, "The Snows of Kilimanjaro". Harry, mwandishi, amelala kambini porini, mguu unaoza kwa sababu alipochomwa na mwiba hakutia dawa mapema. Anakumbuka mambo aliyokusudia kuyaandika akawa anayaahirisha. Anaona ndege imemjia, inampeleka kwenye kilele cheupe cha Kilimanjaro. Kumbe hakuna ndege. Fisi analia, mkewe anashtuka usingizini, anammulika kwa tochi: Harry hajibu, hapumui.

Filamu ikatoka Marekani mwaka 1952, Gregory Peck akiwa Harry. Humo ndege inafika kweli, na Harry anapona.

Filamu ni ghali kuliko kitabu. Lazima ijaze kumbi, na watu hununua tiketi kumwona nyota wao. Kurasa chache nazo hazitoshi kujaza karibu saa mbili, hivyo akaongezwa mpenzi wa zamani, Cynthia, aliyeigizwa na Ava Gardner. Hadithini hayumo. Hilo silipingi. Kamera haipigi picha ya wazo. Majuto ya Harry yalihitaji sura ya mtu na mahali pa kutokea. Ninachopinga ni kumponya. Uchungu wote wa hadithi ile umo katika kuchelewa: dawa ilichelewa, na kuandika kukachelewa. Akipona, kuchelewa kwake hakukumgharimu kitu.

Nawaambia haya waandishi chipukizi wa Moshi na Arusha kwa sababu watayarishaji wa filamu wanatafuta hadithi, na wengi wenu mnakubaliana kwa mdomo tu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kuruhusu au kukataza kazi yake kugeuzwa filamu. Ukiruhusu, ruhusa iandikwe: ni filamu moja au pia tamthilia ya runinga, ni kwa miaka mingapi, na nani anaweza kubadili nini. Kama kifo cha mhusika wako hakiguswi, kitaje kwenye mkataba kabla hujapokea malipo ya kwanza.