Kuhesabu mapigo hadi noti ikae sawa: muziki kutoka kwenye kikokotoo cha grafu

Kijana mmoja wa kidato cha sita aliniletea kibandani kwangu Kariakoo kikokotoo cha grafu, TI-83 Plus ya kampuni ya Texas Instruments, alichokipata kwenye rundo la vifaa vya mtumba. Springi za betri zilikuwa zimeliwa na ile kutu ya kijani, kazi ya nusu saa tu. Nilipokuwa nasafisha akaniuliza kale katundu ka chini ni ka nini. Nikamwambia ni ka kuunganishia kikokotoo kimoja na kingine ili vipeane programu. Halafu nikachomeka hapo waya wa spika, nikaandika mistari michache, kikaanza kuimba. Tangu siku ile anakuja kila jioni, na maswali yake ndiyo yamenikalisha kuandika haya.

Najua kifaa hiki kwetu si cha kawaida. Kwenye mitihani yetu vinaruhusiwa vikokotoo visivyoprogramika, kwa hiyo watoto wengi wana Casio ya kawaida ya sayansi na basi. Cha grafu utakiona kwa wanaosoma shule za mitaala ya nje, au kwenye mtumba kama hivi. Lakini ukikipata, hasa cha zamani, usikiache. Ndani yake kuna prosesa ya Z80, ukoo uleule ulioanza na kampuni ya Zilog mwaka 1976, na sijaona chombo kizuri zaidi cha kumfundishia mtu jinsi sauti inavyotengenezwa. Kwa sababu humo ndani hakuna cha kukusaidia. Hakuna spika, hakuna buza, hakuna chipu ya sauti. Kuna waya mbili tu unazoweza kuziwasha na kuzizima.

Tundu lenyewe ni la milimita 2.5, lenye sehemu tatu za kugusa: ncha, pete na shina. Shina ni ardhi. Ncha na pete ni njia mbili za data, na zikiwa zimetulia zinakaa juu, karibu volti 5. Prosesa inazitawala kupitia poti namba 0, yaani mlango wake wa kupitishia data. Ukiandika 0, zote mbili zinabaki juu. Ukiandika 1, ncha inavutwa chini. Ukiandika 2, pete inavutwa chini. Ukiandika 3, zote zinashuka. Na kwa bahati nzuri mpangilio huu ndio wa hedifoni: ncha ni sikio la kushoto, pete ni la kulia. Adapta ya kutoka 2.5 kwenda 3.5, zile zilizokuwa zikitumika na simu kama Nokia 6300, inatosha kabisa. Hakikisha tu ni ya sehemu tatu. Ile ya sehemu nne yenye maikrofoni inaweza kukupa sikio moja au isikupe kitu.

Sasa, mlio ni nini? Ukiuvuta waya chini mara moja, kiwambo cha spika kinaruka mara moja na utasikia "tak". Ukiuachia juu, "tak" nyingine. Rudia haraka, zile tak zinaungana na sikio linasikia noti. Mara 440 kwa sekunde, kwenda na kurudi, ni ile noti ya A ambayo wanamuziki duniani kote huisawazishia vyombo, la kwa wanaoimba kwa do-re-mi. Kwa hiyo kutengeneza noti ni kujua usubiri kiasi gani kati ya kuwasha na kuzima. Mimi naona kazi yote iko kwenye kule kusubiri.

Z80 ya TI-83 Plus inaendeshwa kwa takriban mapigo milioni 6 kwa sekunde. Gawanya kwa 440 upate mapigo 13,636 kwa mzunguko mmoja; nusu yake, yaani muda wa waya kukaa juu au chini, ni 6,818. Huu hapa msimbo wa asembli, lugha ya kuiamuru prosesa moja kwa moja, nilioanza nao:

    di
    ld d,0
mlio:
    ld a,d
    xor 3
    ld d,a
    out (0),a
    ld bc,262
subiri:
    dec bc
    ld a,b
    or c
    jr nz,subiri
    jr mlio

Angalia kitanzi cha "subiri". Kila amri ya Z80 ina gharama yake inayojulikana: dec bc mapigo 6, ld a,b mapigo 4, or c mapigo 4, na jr inaporuka mapigo 12. Jumla 26 kwa kila mzunguko wa kusubiri. 6,818 ukigawa kwa 26 ni 262, ndiyo namba niliyoiweka. Tahadhari: msimbo huu hauna mlango wa kutokea. Ukiuendesha hivi hivi utalazimika kuchomoa betri ya AAA, na vilivyomo kwenye RAM, kumbukumbu yake ya muda, vitapotea. Kwenye programu kamili weka ukaguzi wa kitufe cha ON kati ya noti na noti.

Siku ya pili yake kikokotoo kilikuwa mezani kinalia hivyo, akaingia mzee mmoja mpiga gitaa niliyekuwa namtengenezea amplifaya. Amepiga dansi miaka mingi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Hiyo ni A?"

"Ndiyo mzee, A."

Akatoa gitaa kwenye mfuko, akagusa waya wa tano, akasikiliza kidogo, kichwa kimeinama upande. "Hapana, mwanangu. Hii imelegea."

Nilikuwa nimekosea, na makosa yalikuwa mawili. La kwanza ni la hesabu. Nilihesabu kusubiri, nikasahau kwamba kuwasha na kuzima nako kunakula muda. Zile amri za nje ya kitanzi, kuanzia ld a,d hadi jr mlio, ni mapigo 48, ondoa 5, kwa sababu jr nz,subiri kwenye mzunguko wa mwisho hairuki, na isiporuka inatumia 7 badala ya 12, zinabaki 43. Kwa hiyo hesabu sahihi ni 6,818 toa 43, gawa kwa 26: inatoka kama 260 na nusu. Ukiweka 261 unapata hezi (mara kwa sekunde) 439.3, na sikio la kawaida halitalalamika.

Kosa la pili hulioni kwenye karatasi. Nilibadilisha namba kuwa 261, mzee akatikisa kichwa bado. Nikafungua programu ya kutyuni gitaa kwenye simu, nikaiweka jirani na spika: 431. Zaidi ya theluthi ya nusu-toni chini, nusu-toni ikiwa ni hatua moja ya kinanda. Maana yake saa ya kikokotoo kile haikuwa ikipiga milioni 6 kamili. Kwa kupiga hesabu kinyumenyume nikapata kama milioni 5.89. Nikarudia mgawanyo kwa namba hiyo, nikaweka 256. Mzee akagusa tena waya wa tano, akaacha gitaa na kikokotoo vilie pamoja, lile wimbi la kutetemeka linalosikika noti mbili zikigombana likawa pole sana hadi karibu kukoma. "Haya," akasema, akaanza kupiga. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kabisa: pima kikokotoo chako mwenyewe kwanza, ndipo utengeneze jedwali la noti. Ukishapata A, nyingine zinafuata kwa kuzidisha au kugawa kwa 1.05946, ambayo ndiyo hatua moja ya nusu-toni; ukipanda hatua kumi na mbili umefika mara mbili kamili.

Njia hii ya kusubiri ina ugonjwa mmoja, nao unajitokeza noti zikipanda. Huwezi kusubiri nusu ya kitanzi. Kwenye 440, kuongeza au kupunguza 1 kwenye namba ya kusubiri ni jambo dogo, hezi moja na ushee. Kwenye hezi 3,520, namba yenyewe imebaki 31 tu, na kuibadilisha kwa 1 kunaruka karibu nusu ya nusu-toni. Solo ikipanda juu inaanza kuimba nje ya ufunguo. Nilimsikilizisha kijana, akakunja uso.

Dawa yake ni kuacha kusubiri. Tengeneza kitanzi kimoja kinachochukua muda uleule siku zote, tuseme mapigo 100, ili kizunguke mara 60,000 kwa sekunde. Ndani yake weka rejista ya biti 16 (kisanduku cha namba ndani ya prosesa), hapa hl, na kila mzunguko iongezee hatua fulani: add hl,de, mapigo 11 tu. Biti ya juu kabisa ya h, nusu ya juu ya hl, ndiyo inayosema waya uwe juu au chini. Rejista ikijaa inaanza upya yenyewe, kama kipimo cha kilomita za gari kinavyorudi sifuri. Kwa 440 hatua ni 481, na noti inatoka 440.4. Kwa 3,520 hatua ni 3,845, inatoka 3,520.2. Kila hatua moja ni kama hezi 0.9, iwe juu au chini ya kinanda. Hii ndiyo ninayoitumia sasa kwa kila kitu.

Na uzuri wake mkubwa ni kwamba unaweza kuweka rejista mbili kwenye kitanzi kimoja. Moja inaendesha ncha, nyingine pete. Hapo ndipo nilipomwita mzee asikilize tena, kwa sababu kwa mtu wa dansi jambo hili halihitaji maelezo. Kwenye bendi kama Msondo Ngoma au Sikinde, gitaa la solo na la rithimu hujibizana, kila moja na njia yake, na utamu uko kwenye kupishana. Nikaweka solo sikio la kushoto na rithimu sikio la kulia. Sharti ni moja: kitanzi kichukue muda sawa njia yoyote kinayopita. Kama tawi moja lina amri fupi kuliko lingine, lijazie nop, amri isiyofanya kitu, mapigo 4 kila moja, mpaka yalingane. Usipofanya hivyo, noti ya kushoto itaitikisa ya kulia, na utasikia sauti zote mbili zinatetema kama mtu mwenye baridi.

Ukitaka sauti ya tatu, waya zimekwisha. Hapo unaifinyanga kwa kubadilisha noti upesi kwenye waya uleule, mara 50 kwa sekunde: do, mi, sol, do, mi, sol. Sikio linaipokea kama kodi moja, yaani noti kadhaa zikilia pamoja, inayometameta. Ni ujanja wa watu waliotunga muziki kwenye ZX Spectrum, kompyuta ya Uingereza ya mwaka 1982, yenye Z80 hiyohiyo na spika ya biti moja.

Sauti kubwa na ndogo hazipo. Waya uko juu au uko chini. Unachoweza kubadilisha ni uwiano. Ukikaa juu nusu ya muda na chini nusu, sauti inakuwa na tumbo, kwa kuwa ndani yake kuna marudio ya mara 3, mara 5, mara 7 tu, yale ya shufwa hayamo. Ukikaa juu robo tu, inakuwa nyembamba ya puani, na ukienda moja kwa nane mimi nasikia kitu kinachokaribia zumari. Ngoma ni rahisi zaidi: mdundo mzito ni noti inayoporomoka haraka, na mlio wa chata-chata ni namba za kubahatisha zinazotupwa kwenye poti. Kijana wangu, mtoto wa Manzese, alipojua hilo akahamia singeli moja kwa moja. Ana haki. Muziki wenye mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, unaopenda milio mikali mifupi, umekaa kwenye biti moja kama umeshonewa.

Ile di ya mwanzo wa msimbo usiisahau. Inazuia makatizo. Bila hiyo mfumo wa kikokotoo unaisimamisha programu yako zaidi ya mara mia kwa sekunde kwenda kukagua vitufe vyake, na kila kusimama kunasikika kama mkwaruzo chini ya noti.

Kuhusu waya: hedifoni zinalia moja kwa moja, lakini usizianzie masikioni. Kwa spika, mimi nachukua bodi ndogo ya PAM8403, ya volti 5. Volti 5 za kikokotoo ni nyingi mno kwa mlango wake, kwa hiyo kila njia naipitishia kapasita ya maikrofaradi 10, kisha rezista ya kilo-om 10, na kutoka hapo kilo-om 1 kwenda ardhini. Inabaki kama nusu volti, nayo inatosha.

Wengi wataniuliza kuhusu TI-84 Plus. Ya kawaida, iliyotoka 2004, inafaa. Tundu lipo, ila liko juu, na prosesa inaweza kwenda milioni 15, kwa hiyo jedwali lako libadilike. Ila TI-84 Plus CE ya 2015 haina tundu la 2.5 kabisa, ina USB peke yake, na mwaka 2020 Texas Instruments waliziba njia ya kawaida ya kuendesha asembli kwenye matoleo mapya ya mfumo wake. Ukienda sokoni kutafuta cha kuchezea muziki, kiruke hicho.

Jioni ya mwisho kijana alikuja na redio ndogo ya nyumbani kwao, kwa kuwa nilimsimulia habari za mwaka 1975, Steve Dompier alipoifanya kompyuta ya Altair 8800, isiyo na spika, ipige wimbo kwenye redio ya AM iliyowekwa jirani yake. Tulichomoa waya wote wa spika. Tukaweka redio kwenye AM, mahali pasipo na stesheni, tukailaza juu ya kikokotoo na kuendesha programu ileile. Ukizungusha taratibu, katikati ya mchirizo, singeli yake inasikika: hafifu, lakini noti zote zimo.