Ukakamavu wa roka na mnyanyuko wa valvu

Roka ni mkono wa chuma katika injini unaosukumwa na kemu (kinundu kinachozunguka) upande mmoja ili upande wa pili ubonyeze valvu ifunguke. Ukakamavu wa roka ni kule kukataa kwake kupinda inapobeba mzigo.

Kwa hesabu ya kawaida, mnyanyuko wa kemu wa milimita 8 na uwiano wa roka wa 1.1 (mara ambazo roka hukuza mwendo wa kemu) huleta 8.8, toa nafasi ya tapeti ya 0.1, yaani mwanya mdogo unaoachwa valvu ikiwa imefungwa, valvu inafunguka 8.7. Hesabu hiyo inadhani roka haipindi kamwe. Tuseme ncha yake inapinda milimita 1 kwa kila nyutoni 5,000: springi inayofunga valvu ikiisukuma kwa nyutoni 1,000, umeshapoteza 0.2. Katika injini kama ya Triumph Speed Twin ya 1937, ambayo kemu ziko chini na pushirodi, yaani fito za kusukumia roka, hupanda hadi kwenye kichwa, pushirodi nazo hubonyea na shafti ambayo roka huchezea juu yake hupinda. Yote hayo hujumlishwa.

Ukitaka kuyaona, funga springi laini, weka geji ya mshale juu ya valvu, zungusha injini kwa mkono na usome. Kisha rudisha springi zake halisi, usome tena. Mshale utaishia chini kidogo ya pale ulipofika mwanzo.

Injini ikienda kasi mambo hubadilika. Valvu inapoanza kufunguka, roka hubeba springi pamoja na uzito unaorushwa ghafla, kwa hiyo hupinda sana na valvu huchelewa. Kemu ikianza kupunguza mwendo, mzigo hushuka na roka hufyatuka kama upinde. Valvu huweza kurushwa kupita kimo ilichopangiwa, kisha ikarudi kwenye kiti chake kwa kishindo. Hili la kufyatuka hunisumbua kuliko milimita zilizopotea, maana ndilo linaloua valvu na springi.

Wengi hukimbilia chuma kigumu zaidi. Chuma hicho hakivunjiki upesi, lakini hupinda vilevile: chuma cha pua cha aina karibu zote kina kipimo cha unyumbufu (jinsi madini yenyewe yanavyokataa kunyumbuka) cha gigapaskali 200 hivi, aluminiamu 70. Kinachoamua ni umbo, hasa kina cha mkono, yaani unene wake kutoka juu hadi chini, kwa sababu ukakamavu hufuata kina kwa kipeo cha tatu. Anayeparua mgongo wa roka ili iwe nyepesi, akipunguza kina kwa asilimia 10 mkono mzima, amepoteza ukakamavu kwa asilimia 27. Uzito upunguzwe kwenye ncha, ambako ndiko unakorushwa. Karibu na shafti, chuma kiachwe.