Pixar isingeondoka na Woody

Kila muhula nawapa wanafunzi wangu wa uhuishaji zoezi lilelile: andika historia ambayo haikutokea. Tuseme Januari 2006 Disney na Pixar, studio ya katuni za kompyuta, hazikuungana, kila mmoja akashika njia yake. Nini kingefuata? Na kila muhula, hata sijamaliza kuandika swali ubaoni, mtu keshanijibu: "Mwalimu, Pixar wangewachukua Woody na Buzz, wale wanasesere wa Toy Story, wakahamia kampuni nyingine, Disney ikabaki mikono mitupu." Nimelisikia darasani, nimelisikia kwa watu wazima wenye studio zao, na nimechoka kulijibu kwa mdomo.

Woody hakuwa wa Pixar.

Pixar ilimbuni, ikampa uso, mwendo na tabia. Lakini kubuni ni jambo moja na kumiliki ni jingine. Mkataba wa 1991, uliozaa Toy Story ya 1995, ulisainiwa na kampuni changa yenye shida ya fedha mbele ya kampuni kubwa yenye mtandao mzima wa usambazaji. Mwaka 1997, baada ya Toy Story kutamba na Pixar kuuza hisa kwa umma, ukaja mkataba mpya wa filamu tano: gharama nusu kwa nusu, faida nusu kwa nusu. Watu husoma mpaka hapo, wakafunga, wakasema walikuwa washirika sawa. Endelea kusoma! Disney ilikuwa inachukua ada yake ya usambazaji, na haki za hadithi, za wahusika na za mwendelezo zilikuwa zake.

Hilo ndilo walilogombania. Katika mazungumzo ya miezi kumi yaliyovunjika Januari 2004, Steve Jobs, mkuu wa Pixar, alitaka Pixar igharamie filamu zake yenyewe, izimiliki yenyewe, na Disney ibaki msambazaji wa kulipwa ada tu. Alitaka hata The Incredibles na Cars, ambazo zilikuwa bado ndani ya mkataba wa zamani, ziingie kwenye masharti mapya. Disney, chini ya Michael Eisner, ikakataa. Sasa niambie, kama haki zilikuwa za Pixar tayari, Jobs alikuwa anaomba nini miezi yote hiyo?

Anayebisha bado nampa jina moja: Circle Seven. Ni studio ambayo Disney iliifungua Glendale, California, baada ya mazungumzo kuvunjika, na kazi yake ilikuwa kutengeneza mwendelezo wa filamu za Pixar bila Pixar yenyewe. Haikuwa vitisho vya mezani. Wachoraji waliajiriwa, waandishi wakaandika. Skripti yao ya Toy Story 3 ilikuwa na Buzz aliyeharibika, akapelekwa Taiwan alikotengenezwa, na wenzake wakamfuata huko. Walikuwa pia na mpango wa Monsters, Inc. ya pili na Finding Nemo ya pili. Muungano ulipopita, Circle Seven ikafungwa mwaka huohuo wa 2006, na Pixar ikaanza Toy Story 3 upya, ikatoka 2010. Kwa hiyo ukiufuta muungano, Toy Story 3 haifutiki. Inatengenezwa na watu wengine, na wale waliombuni Woody wanakata tiketi kuitazama kama mimi na wewe.

Ndiyo maana somo langu la kubuni mhusika linaanza na mkataba. Vijana hunung'unika. Mtu amenunua tabuleti mpya ya kuchorea, anataka kuchora, mimi nampa kurasa za vifungu. Lakini nimewaona wawili kati yao wakimpoteza mhusika waliyemlea kwa miaka mitatu, kwa sababu walipoitwa ofisini waliuliza bei, hawakuuliza mwendelezo utakuwa wa nani. Ulizeni hilo kwanza. Bei itafuata.

Pixar ingeondoka na nini, basi? Na panya. Deni lake la mwisho kwa Disney lilikuwa Cars, na Ratatouille ilikuwa inaandaliwa kama filamu ya kwanza nje ya mkataba. Historia mbadala inayoheshimu ukweli ianzie hapo: studio ya Emeryville, mji wa California yaliko makao ya Pixar, yenye fedha zake, programu zake na panya anayepika Paris, inatafuta wa kuisambazia.

Ingekufa? Hilo nalo huletwa sana, na halina miguu. Hadi mwisho wa 2004 ilikuwa imetoa filamu sita, zote zikapendwa na zote zikaleta fedha. Disney ilitoa hisa za dola bilioni 7.4 kuipata. Hakuna anayelipa hivyo kumwokoa mgonjwa mahututi.

Disney nayo isingefilisika, maana ilikuwa na viwanja vya burudani na televisheni za ABC na ESPN. Kilichokuwa kinaumwa ni idara yake ya filamu za katuni: Treasure Planet ya 2002 ilianguka, Home on the Range ya 2004 ikaifuata. Robert Iger, aliyemrithi Eisner, amesimulia alivyotazama gwaride la ufunguzi wa Disneyland ya Hong Kong, Septemba 2005, akagundua kwamba wahusika wa miaka kumi iliyopita waliokuwa wakipita mbele yake walitoka Pixar.

Na wapo wanaosema Disney ndiyo iliyoianzisha Pixar. Ilikuwa idara ya kompyuta ya Lucasfilm, Jobs akainunua 1986. Basi.

Dhana inayostahili muda zaidi ni kwamba muungano uliifanya Pixar kuwa Disney. Baada ya muungano, Ed Catmull wa Pixar alikuwa rais wa studio zote mbili na John Lasseter msimamizi wa ubunifu wa zote mbili, lakini Emeryville ilibaki Emeryville na Burbank, iliko studio ya katuni ya Disney, ikabaki Burbank, na iliwekwa kanuni kwamba studio moja isiazime wafanyakazi wa nyingine filamu inapokwama. Mageuzi makubwa yalitokea Burbank, ambako wanafunzi wangu hawaangalii kabisa. Mwongozaji Chris Sanders alikuwa anatengeneza filamu ya American Dog. Uongozi mpya ukamwondoa, filamu ikabadilishwa ikawa Bolt ya 2008. Sanders akahamia studio shindani ya DreamWorks, akaongoza How to Train Your Dragon ya 2010 pamoja na Dean DeBlois. Futa muungano, na huenda yule joka mweusi tunayemjua asingekuwepo. Huku ndiko kwenye utamu wa zoezi langu, na bado naletewa Woody akihama.

Muungano ambao kweli haukutokea ni mwingine. Februari 2004, wiki chache baada ya Jobs kuondoka mezani, Comcast, kampuni ya televisheni za kebo, ilitaka kuinunua Disney yote kwa hisa za dola bilioni 54. Disney ikakataa, Aprili Comcast ikaiondoa ofa yake, na mwaka 2016 ikainunua DreamWorks Animation kupitia kampuni yake tanzu ya NBCUniversal kwa dola bilioni 3.8. Kama ingefanikiwa ile 2004, Woody na Buzz wangekuwa mali ya Comcast, na Pixar ingekuwa bado inaimalizia Cars kwa ajili ya mmiliki huyo mpya.