Sabufa ya wati 10,000 inayokula wati 60

Huyu ni mteja wa tatu mwezi huu anayetaka kutupa mashine ya zamani kwa sababu ya wati za sabufa. Kaka kaja na risiva ya marehemu baba yake, ya Kijapani ya miaka ya sabini, mbao pembeni, sindano ya stesheni bado inateleza vizuri tu (na nikisema risiva simaanishi king'amuzi jamani, namaanisha amplifaya yenye redio ndani). Tatizo lake, inasikika spika moja, ukipandisha sauti kidogo inakata kimya. Hajaniacha hata niitoe kwenye mfuko wa salfeti: "Fundi usijisumbue, hii ni wati 45 tu, nimeona sabufa dukani ina wati 10,000."

Aisee.

Hebu igeuze hiyo sabufa nyuma usome kale kasitika kadogo. Utakuta 220-240V, halafu 60W. Hizo 60 ndizo inazovuta ukutani, na baadhi ya hizo 60 zinaishia kuwa joto. Sasa hizo elfu kumi zinatoka wapi, kwa mganga? Hizo wanaziita PMPO, yaani eti nguvu ya kilele ya mara moja tu, na haina kipimo kinachoeleweka, kila kiwanda kinaandika namba inayokipendeza, siku hizi hata kiredio cha kubeba mkononi utakuta kina maelfu. Wati 45 za hiyo ya zamani ni kila upande, pande zote mbili zikipiga kwa pamoja, mfululizo, tena na upotoshaji wa sauti umetajwa, maana kuanzia 1974 Wamarekani waliweka sheria ya jinsi ya kutangaza nguvu ya amplifaya na Wajapani walikuwa wanauza huko. Na hata ukipata wati mara mbili za kweli, unaongeza desibeli 3 tu, yaani sikio linasema "imeongezeka kidogo", basi. Kwa hiyo mtu anayetupa mashine kwa sababu ya wati mimi ananiumiza roho.

Turudi kwa kaka. Nilichungulia nyuma kwenye vishikio vya spika nikaona uzi mmoja wa shaba, mwembamba kama unywele, umetoka kwenye waya mwekundu umelalia mweusi. Nikautoa, nikakaza, nikawasha, tukasubiri sekunde kama tano, kle! rilei (swichi ya ndani inayokata spika kukiwa na hitilafu) ikashika. Nikapandisha sauti, spika mbili zote. Sikuwasha hata solda.

Ndo maana nasema chomoa waya za spika kwanza kabla hujaiita maiti. Kama zimetoka zote na rilei bado haishiki, hapo pima volti za DC (umeme kama wa betri, ambao haupaswi kwenda kwenye spika) kabla ya rilei, ukikuta nyingi zimekaa pale ujue transista za mwisho, zile zinazosukuma spika, zimeshoti, kazi ipo. Kurekebisha inalipa kama transista halisi zinapatikana, na hapo ndo pagumu, feki zimejaa. Nimewahi kufunga mpya zikaungua siku hiyohiyo, nikapasua moja, chipu ndani ndogo kama punje ya choroko. Hasara yangu, mteja sikumdai.

Trafo ikiungua, ukisikia ile harufu, achana nayo. Zile risiva za kisasa zenye tundu la HDMI la kuunganisha TV, bodi ya dijitali ikifa sigusi, nunua nyingine. Na mtumba wa soko la ndani la Japani angalia mara mbili, ni ya volti 100, ukichomeka ukutani kwetu umeua, na za zamani FM yake inaanzia 76 inaishia 90 kwa hiyo stesheni nyingi hutozipata, ila kama unataka amplifaya tu tafuta stepudauni (trafo ya kushusha volti) upige mziki.

Kwenye kapasita, vile vikopo vya ndani vinavyotunza chaji ya umeme, niseme ukweli, sina uhakika. Kuna mafundi wanabadili zote wakiona umri tu. Mimi nimepima za miaka 40 nikakuta ziko sawasawa, na nimekuta za miaka 5 zimevimba. Nabadili zilizovimba, zinazovuja na zile kubwa zinazoleta mngurumo, zingine naziacha na naomba Mungu. Wawili walirudi. Pengine wale mafundi ndo wako sahihi.

Kaka akalipa ya kuchungulia, akasimama mlangoni: "Sasa fundi, bluetooth je?" Nikamwonyesha kale kadude ka bluetooth kanakochomekwa kwenye tundu la AUX la kuingizia sauti. Kakachukua. Na sabufa kanunua vilevile, anasema ya kwa mama jikoni.