Karatasi ya DNA ya dume imejifunzia kwa ng'ombe wa nani?

Mfugaji wa maziwa akiulizia mbegu siku hizi huonyeshwa orodha ya madume yenye tarakimu nyingi, na baadhi yao wanasifiwa kwamba wamepimwa jenomu, yaani DNA yao imesomwa ili kukadiria ubora wao. Sifa ikishaingia sokoni haikosi kuongezewa chumvi. Haya ndiyo ninayoyasikia mara nyingi zaidi, hasa pale kipimo kinapopelekwa kwa ng'ombe wetu chotara.

"Kipimo kinaonyesha kama ng'ombe ana jeni la maziwa"

Jeni la maziwa halipo. Wingi wa maziwa hutokana na maelfu ya sehemu za DNA, kila moja ikiongeza au kupunguza kiasi kidogo sana. Wazo lililobadilisha mambo lilitolewa mwaka 2001 na Meuwissen, Hayes na Goddard: badala ya kuhangaika kutafuta jeni moja moja, chukua wanyama wengi wenye DNA iliyosomwa na pia kumbukumbu za uzalishaji, kisha kadiria mchango wa kila alama ya DNA kwa pamoja. Wanyama hao ndio kundi la rejea. Ndama akizaliwa leo, alama zake husomwa, michango hujumlishwa, na jumla hiyo ni makadirio ya thamani yake ya kinasaba, yaani ubora anaoweza kuurithisha.

Alama zenyewe nyingi si jeni. Ni majirani wa jeni, na zina faida kwa sababu jirani na jirani hurithiwa pamoja. Chipu, yaani kifaa cha maabara cha kusoma alama hizo, yenye alama zipatazo 54,000 ilipopatikana, Marekani ilianza kutoa makadirio rasmi ya jenomu kwa ng'ombe wa maziwa aina ya Holstein na Jersey mwezi Januari 2009. Kabla ya hapo dume alisubiriwa mpaka mabinti zake wazae na wakamuliwe. Sasa anachaguliwa akiwa ndama, na uhakika wa makadirio yake ya maziwa hufika karibu asilimia 70. Umri wa baba wanaozalisha madume wa Holstein wa Marekani ulishuka kutoka miaka kama 7 hadi miaka kama 2 na nusu. Haya ni mafanikio makubwa, wala sina nia ya kuyabeza.

"Kama kimefanya kazi Marekani, kitafanya kazi kwa ng'ombe yeyote"

Hapa ndipo penye mzizi wa fitina. Holstein ni wengi mno duniani, lakini ukoo wao ni mwembamba: ukifuata mstari wa baba, madume wa uhimilishaji wa Amerika Kaskazini karibu wote wanarudi kwa madume wawili waliozaliwa miaka ya 1880. Katika ukoo wa namna hiyo vipande vya DNA hurithiwa vikiwa virefu, na alama iliyokaa mbali kidogo na jeni bado husafiri nalo kizazi hadi kizazi.

Ng'ombe wa nundu, yaani zebu, na ng'ombe wa Ulaya walitengana zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, kabla binadamu hajamfuga hata mmoja wao. Alama inayoandamana na toleo zuri la jeni kwa Holstein inaweza kuandamana na toleo baya kwa zebu, au isiandamane na chochote. Tena, chipu za mwanzo zilijazwa alama zilizotafutwa zaidi kwa ng'ombe wa Ulaya, kwa hiyo tofauti nyingi zilizomo ndani ya zebu wenyewe hazikuwekwa.

Mfano uliochunguzwa vizuri ni jeni la DGAT1, kwenye kromosomu ya 14, ambalo kazi yake ilibainika mwaka 2002. Lina matoleo mawili maarufu. Moja huongeza mafuta kwenye maziwa na kupunguza wingi wake, jingine hufanya kinyume. Kwa Holstein yapo yote mawili, kwa hiyo kulipima jeni hili kunatofautisha ng'ombe na mwenzake. Zebu karibu wote wana toleo la mafuta: pima zebu mia, utapata jibu lilelile mara mia, na hutakuwa umechagua chochote. Ukija kwa chotara, mambo yanageuka tena. Toleo la wingi linakuambia kwamba kipande hicho kimetoka upande wa Ulaya, lakini toleo la mafuta linaweza kuwa limetoka upande wowote, likiwa limezungukwa na majirani tofauti kabisa. Jeni ni lile lile, swali ni lile lile, na majibu yana maana tatu.

Mtu husema, basi tutengeneze hesabu ya kila aina ya ng'ombe. Sawa, ila chukua ng'ombe wa Mpwapwa, aliyezalishwa katika kituo cha utafiti huko Dodoma: ana damu ya Sahiwal na Sindhi mwekundu kutoka Bara Hindi, zebu wa Tanzania, Boran, na kiasi cha ng'ombe wa Ulaya. Kwenye vijiji vya Meru au Kilimanjaro, chotara mmoja anaweza kuwa na Friesian, Ayrshire na Jersey ndani yake, juu ya bibi wa kienyeji. Tena wafugaji wakiulizwa damu ya ng'ombe wao kisha DNA ikasomwa, majibu mara nyingi hayalingani. Huwezi kumlaumu mfugaji. Hata aliyemuuzia hakujua.

Halafu kuna mazingira. Holstein wa Uingereza na wa Kenya waliwahi kulinganishwa kwa kutumia madume wenye mabinti pande zote mbili, na uhusiano wa kinasaba wa maziwa kati ya nchi hizo ulikuwa karibu 0.5, wakati 1 ingekuwa na maana kwamba madume wamepangika vilevile kote. Hao walikuwa Holstein kwa Holstein. Dume anayeongoza kwa mabinti wanaolishwa mchanganyiko kamili bandani anaweza kuwa wa kawaida tu kwa mabinti wanaokula matete na pumba, na kiangazi wakaambulia mabua.

"Usahihi ukiwa mkubwa, basi kipimo ni kizuri"

Dhana hii huwapata hata wataalamu. Usahihi hupimwa kwa kutazama jinsi makadirio yanavyokwenda sambamba na hali halisi ya wanyama ambao hesabu haikuwaona. Sasa weka kundi lenye ng'ombe wa robo damu ya Ulaya, nusu, na robo tatu. Hesabu haihitaji akili nyingi: ikitambua tu nani ana damu nyingi ya Ulaya, itapatia kwa kiasi kikubwa nani ana maziwa mengi, na usahihi utaonekana wa kupendeza. Lakini ukitaka kuchagua kati ya mitamba kumi wote wa robo tatu, hesabu hiyohiyo inaweza kukuacha mikono mitupu.

Hatari yenyewe ni kwamba kumbe tunachagua Holstein zaidi na zaidi huku tukidhani tunachagua chotara bora. Maziwa yanapanda kwenye karatasi, na pamoja nayo hupanda mahitaji ya chakula, maji na dawa za kupe. Kwa hiyo mtu akikutajia usahihi wa kipimo kwa ng'ombe mchanganyiko, muulize: umepimwa kati ya wanyama wenye kiasi sawa cha damu, au kwa kundi zima? Asipokuelewa, hiyo tarakimu iache.

"Chotara anayekamuliwa sana ndiye awe mama wa dume"

Anaweza kuwa, lakini maziwa yake peke yake hayatoshi kuwa ushahidi. Chotara wa kwanza, wa zebu na Friesian, hupata nguvu ya uchotara: kwenye jeni nyingi ana toleo moja la kila upande, na kuchanganyika huko kwenyewe kunamfaidi. Faida hiyo haimo katika thamani anayorithisha, kwa sababu ndama hupewa toleo moja moja tu.

Tuchukue tarakimu za mfano. Kwa malisho yale yale, zebu atoe lita 3 na Friesian lita 13. Katikati yake ni lita 8. Chotara wao akitoa lita 10, lita 2 za ziada ni za uchotara. Ukiwapandisha chotara kwa chotara, mabinti kwa wastani wanabaki na nusu ya ziada hiyo, yaani wanatoa kama lita 9. Mfugaji anaona binti kapungua kuliko mama na kumlaani mhimilishaji, wakati ndivyo hesabu ilivyo. Makadirio ya jenomu kwa chotara yanapaswa kutenga ziada hiyo. Yasipoitenga, humpandisha cheo mnyama kwa kitu asichoweza kukitoa.

"Mwenye ng'ombe wawili hana takwimu za maana"

Zamani dhana hii ilikuwa na ukweli ndani yake. Ng'ombe wa mfugaji mmoja anatoa lita 9 na wa jirani lita 5: ni damu, au ni mashudu ya alizeti? Kwenye banda la ng'ombe mmoja, mnyama na matunzo haviachani, na bila kumbukumbu za ukoo huna pa kushika.

DNA ndiyo iliyofungua fundo hili. Ikisomwa, inaonyesha kwamba ng'ombe wa mfugaji huyu ana baba mmoja na ng'ombe wengine walioko vijiji vya mbali, ingawa hakuna aliyeandika. Mabinti 40 wa dume mmoja waliotawanyika kwenye mabanda 40, mengine ya matunzo mazuri na mengine mabovu, hulisawazisha suala la chakula, na mchango wa damu hubaki ukionekana. Uigaji wa kompyuta uliofanywa kwa ajili ya wafugaji wadogo unaonyesha hivyo pia. Mradi wa African Dairy Genetic Gains, unaoongozwa na ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, na ulioanzia Tanzania na Ethiopia katikati ya miaka ya 2010, umejengwa juu ya wazo hili: kundi la rejea ni chotara wa wafugaji wadogo wenyewe, vipimo vinachukuliwa nyumbani kwao. Kwa maoni yangu hakuna njia nyingine inayoweza kutupatia tarakimu za kuaminika.

"Dume mwenye thamani kubwa atanipa ndama mzuri"

Atakupa wastani mzuri wa ndama wengi. Nusu ya tofauti za kinasaba katika kundi hutokea kati ya ndugu wa baba na mama mmoja, kwa sababu kila ndama hupewa nusu tofauti ya DNA ya mzazi. Ndama wawili wa dume yuleyule wanaweza kupishana sana.

Na angalia vipimo vya karatasi. Orodha za Marekani huandika kile dume anachorithisha, yaani nusu ya thamani yake, tena kwa ratili, ambayo ni chini kidogo ya nusu kilo. Kuna nchi zinazoandika thamani nzima kwa kilo. Kila tarakimu pia ni tofauti na wastani wa nchi husika, na Marekani huusogeza wastani huo kila baada ya miaka 5. Kuweka orodha mbili za nchi mbili kando kwa kando na kuchagua tarakimu kubwa ni kupoteza fedha.

"Hii ni GMO, mnyama aliyebadilishwa jeni"

Siyo. Nywele za mkia zinang'olewa na mizizi yake, DNA inasomwa maabara, basi. Mnyama habadilishwi chochote.

"DNA ikishapatikana, daftari halina kazi"

Ni kinyume chake kabisa. Hesabu ilijifunza kutoka kwenye maziwa yaliyopimwa, na kila kizazi kinachopita, alama na jeni huendelea kutenganishwa, hivyo kundi la rejea lisipoongezewa wanyama wapya usahihi hushuka. Kwa chotara, ambao mchanganyiko wao hubadilika kila mbegu mpya inapoletwa, hushuka haraka zaidi.

Kinachotakiwa bandani si kingi: tarehe ya kuzaa, maziwa ya asubuhi na jioni yaliyopimwa siku moja kila mwezi, na baba wa ndama. Hilo la mwisho ndilo hupotea kirahisi kuliko yote. Jina na namba ya dume vimechapishwa kwenye mrija wa mbegu, na mhimilishaji akimaliza kazi mrija hutupwa pamoja na glavu. Mwombeni mrija huo kabla hajaondoka, uoshwe na ubandikwe kwenye daftari kando ya tarehe.