Kiharusi ndani ya gari la wagonjwa: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Wakazi wengi wa Dar es Salaam wanaamini kwamba kazi ya gari la wagonjwa ni kukimbia tu, na kwamba mhudumu anayemwambia mgonjwa aonyeshe meno, ilhali king'ora kinalia na foleni ya Barabara ya Morogoro haisogei, anapoteza muda. Ukweli ni kwamba uchunguzi huo huchukua dakika chache, sehemu yake hufanyika gari likiwa njiani, na hospitali ikipigiwa simu mapema huweza kuandaa CT scan (mashine ya kupiga picha za ndani ya ubongo) kabla mgonjwa hajashushwa.

Hatua ya kwanza ni kutambua. Kipimo cha Cincinnati, kilichotoka Marekani miaka ya 1990, kina mambo matatu: mgonjwa anaonyesha meno, ananyoosha mikono yote miwili kwa sekunde 10 akiwa amefumba macho, kisha anarudia sentensi fupi. Mdomo ukienda upande, mkono mmoja ukishuka au maneno yakiburuzika, kiharusi kinashukiwa. Kidole kimoja hutobolewa ili kupima sukari, kwa sababu sukari iliyoshuka sana huweza kumlegeza mtu upande mmoja na kumvuruga maneno kana kwamba amepata kiharusi. Tone hilo ni la kupima tu. Ule ushauri unaosambazwa kwenye simu, kwamba mgonjwa atobolewe vidole vyote ili damu mbaya itoke, hautibu chochote na unamchelewesha.

Dhana nyingine, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye madhara makubwa zaidi, ni kwamba kiharusi kikali lazima kiambatane na maumivu au kuzimia. Viharusi vingi vinavyotokana na mshipa kuziba haviumi, na aliyeathirika vibaya anaweza kukaa macho wazi akisema hana tatizo. Ndiyo maana ukali hupimwa kwa alama. Kipimo cha Los Angeles huangalia uso (alama 0 au 1), mkono (0 hadi 2) na nguvu ya kushika (0 hadi 2); anayefikisha alama 4 kati ya 5 hushukiwa kuwa na mshipa mkubwa wa ubongo ulioziba. Kipimo kiitwacho RACE, kilichobuniwa Catalonia nchini Hispania na kuchapishwa mwaka 2014, huongeza mguu, macho yaliyogeukia upande mmoja, na uwezo wa kuelewa maagizo au kuutambua mwili; kikomo chake ni alama 9, na shaka ya mshipa mkubwa huanzia 5. Mhudumu huuinua mkono wa kushoto uliolegea, akauweka mbele ya macho ya mgonjwa na kuuliza, "Huu mkono ni wa nani?" Mgonjwa akijibu kwa utulivu kwamba ni wa mke wake, hatanii wala hajarogwa: sehemu ya ubongo inayomjulisha kuhusu upande huo wa mwili imekosa damu.

Ndugu pia hufarijika mapema wanaposikia mzee anaweza kusoma dua au kuhesabu hadi kumi. Maneno yaliyozoeleka tangu utotoni huweza kubaki hata pale uwezo wa kuunda sentensi mpya umepotea, kwa hiyo methali kama "haba na haba hujaza kibaba" haitoshi kuwa kipimo. Ni bora mgonjwa aonyeshwe ufunguo na kuulizwa ni kitu gani, au aambiwe afumbe macho na kukunja ngumi.

Kuhusu muda, watu huhesabu tangu mgonjwa alipokutwa amelegea. Wahudumu huhesabu tangu alipoonekana mzima mara ya mwisho. Mzee aliyeswali Ishaa, akalala saa tatu usiku na kukutwa hawezi kuinuka saa kumi na moja alfajiri, amekwisha kutimiza muda wa saa nane kwa hesabu ya tabibu, hata kama familia inaapa kwamba "imetokea sasa hivi". Dawa ya kuyeyusha bonge la damu lililoziba mshipa kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na dakika 30, na ikitolewa kwa kuchelewa hatari ya kuvuja damu kwenye ubongo huongezeka. Kulivuta bonge kwa mrija unaopitishwa ndani ya mshipa huweza kufanyika hadi saa 24 kwa baadhi ya wagonjwa. Hapa kwetu kuna mtego wa ziada: mama anasema "saa tatu", na fomu iliyojazwa kwa mtindo wa Kiingereza huweza kuandikwa 3:00 badala ya 21:00. Tamka usiku, asubuhi au jioni, kisha hakikisha kilichoandikwa.

Wapo wanaomwekea mgonjwa kidonge cha presha chini ya ulimi au kumpa aspirini. Presha mara nyingi hupanda wakati wa kiharusi, na kuishusha ghafla huweza kupunguza damu inayofika kwenye ubongo. Aspirini nayo ni hatari ikiwa mshipa umepasuka. Hakuna alama wala macho ya mtaalamu yanayoweza kutofautisha kwa uhakika kuziba na kupasuka kabla ya CT scan. Asipewe hata maji, kwani kumeza kunaweza kuwa kumeathirika.

Alama hizo pia hazina uwezo wa kuamua kila kitu. Utafiti wa RACECAT, uliofanyika Catalonia na kuchapishwa mwaka 2022, haukuona tofauti kubwa kati ya kumpeleka mgonjwa mwenye alama za juu moja kwa moja kwenye kituo cha kuvuta bonge na kumpitisha kwanza hospitali ya karibu yenye huduma ya kiharusi. Lakini zile za karibu zilikuwa na CT scan na dawa. Anayempakia ndugu yake kwenye bajaji kutoka Mbagala aulize hospitali kwa simu kwanza kama CT scan inafanya kazi saa hiyo.

Nafasi ya kumsindikiza kwa kawaida hupewa mkubwa wa familia. Apande aliyemwona mgonjwa akiwa mzima mara ya mwisho, hata kama ni dada wa kazi, akiwa na dawa zote zilizokuwa kando ya kitanda.